Usafi wa Nje na wa Ndani

Simu ya Songea ilimkuta Edna yuko Tunduru, amekaa kwa mama ntilie, mkono wa kulia uko kwenye ugali na wa kushoto unafukuza nzi. Aliyepiga alikuwa Hironimus, Meneja Mkuu wa ushirika wa pembejeo, na alikuwa anapayuka kana kwamba barabara yote ile ingefupishwa kwa nguvu za mapafu yake.

"Edna! Mfumo umegoma! Hautoi vibali!"

"Umegoma vipi, Meneja?"

"Umegoma! Unaandika Kiingereza!"

Mtu mwingine hapo angeuliza hicho Kiingereza kinasemaje. Edna ndiye aliyekuwa mtaalamu wa mifumo wa ushirika mzima, na kuuliza ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, lakini siku nyingi alishaamua kwamba kuwauliza watu wa ofisi ile habari za kitu chochote chenye waya ni kujichosha bure. Majibu yao alikuwa nayo kichwani. Kompyuta haiwaki: ukienda, haijachomekwa. Kompyuta imekufa: ukienda, mtu kazima kioo kwa kiwiko. Basi akalisogeza tonge upande mmoja wa mdomo.

"Kuna mjinga kachomeka flashi yenye virusi," akasema. "Itakuwa huyo wa kaunta. Mbaneni huyo huyo wa kaunta."

Akakata simu, akaagiza pilipili.

Tuseme ukweli kuhusu Edna mapema, tusije tukalaumiana. Kazi aliijua. Alizaliwa Moshi, akasomea Dar es Salaam, na Songea aliletwa na ajira, jambo ambalo mpaka hapo alikuwa hajamsamehe mtu. Ofisini aliwadharau wote, kila mmoja kwa sababu yake. Mhasibu alimdharau kwa kuchapa kwa kidole kimoja. Meneja alimdharau kwa suti zake, kwa hotuba zake, na kwa kuita kila kitu cha kompyuta "mashine". Watu wa kaunta aliwadharau kwa jumla, bila kuwachambua, na majina yao hakuwa na haja nayo. Asubuhi alipita mbele yao mkoba begani kama anayepita kwenye ua wa watu asiodaiwa nao hata salamu.

Huko Tunduru alikokwenda kukagua tawi, aliyekuwa anamdharau wiki hiyo ni Emiliani, mkuu wa tawi. Mtu mzima mnene, shati halijui pasi, ofisi yake inanuka korosho na popo. Kwenye kona palikuwa na kompyuta ya zamani, seva ya akiba ya tawi, imefunikwa magunia matupu, na juu ya magunia amelala paka.

"Kaka Emiliani, hii ndiyo seva?"

"Ndiyo yenyewe. Inafanya kazi, usiiguse. Paka anapenda joto lake."

Edna alimuuliza kama hakupata agizo la usafi kutoka makao makuu. Emiliani alicheka mpaka tumbo likamtikisika. Agizo lilifika, akasema, na karatasi yake ilikuwa nzuri, nene. Muuza karanga wa hapo nje aliipenda sana. Ua ulifagiwa, na hiyo inatosha. Edna alimtazama kwa uchovu wa mtu aliyesomea mambo makubwa akapewa kuishi na watu wa namna hii.

Agizo lenyewe lilikuwa la Hironimus. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, kila mtu anajua: unafagia mbele ya duka lako, unafyeka majani, unazibua mtaro, kisha unafungua biashara. Lakini safari hii Jumatatu yake alikuwa anakuja mgeni rasmi, na mgeni rasmi akitajwa Hironimus hupoteza akili kidogo aliyo nayo. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mti wa mbele nao ukapakwa chokaa. Mlinzi akapanda maua usiku na mchana. Na kwa matawi yote ikaandikwa barua: usafi ufanyike wa nje na wa ndani, kuanzia chooni mpaka kwenye kompyuta. Tunduru walipoifungia karanga, Hironimus aliwapelekea karipio la maandishi.

Kesho yake asubuhi Edna alipanda basi. Alifika Songea alasiri, kiuno kinauma, tope la Namtumbo liko kwenye viatu, akaenda moja kwa moja ofisini. Getini alikuta watu wamejaa kama kwenye msiba.

Walikuwa wakulima. Walitoka Namtumbo na vijiji vya njiani, wengine walilala kwa ndugu zao mtaa wa Lizaboni, wengine walilala pale pale ukutani. Mahindi yao yalikuwa yamefika magotini na yameanza kuwa ya njano, mvua inanyesha vizuri, na mbolea ya kukuzia imejaa ghalani mpaka inagusa bati. Wanaiona kwa macho yao kupitia nondo za dirisha. Lakini mwaka uliotangulia mifuko ilipotea kimyakimya, bodi ikaamua kwamba hakuna hata mfuko mmoja utakaotoka bila kibali kilichochapwa na mfumo. Uamuzi mzuri sana, ila mfumo sasa ulikuwa hauchapi kitu.

Wakulima walikuwa wameshapewa mtu wa kumchukia. Edna aliwasikia akipita.

"Ni kale kabinti ka Namtumbo, ka hapo kaunta. Kameweka nyimbo zake kwenye kompyuta za watu."

"Tena mtoto wetu! Katuua na njaa!"

Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mtandio umevutwa mpaka kwenye nyusi, barua ya kusimamishwa kazi ameikunja mkononi. Aliitwa Mwanahawa. Siku ya pili yake angepandishwa mbele ya bodi, na kila mtu alijua ataambiwa nini. Kazi ingekwenda, hilo mtu analizoea. Lakini alikuwa na kijiji cha kurudi, na kijiji hicho ndicho kilichokuwa kimesimama getini kinamtukana. Mjomba wake alikuwa miongoni mwao, na tangu asubuhi hakuwa amemtazama.

Aliinuka Edna alipokaribia. "Shikamoo dada."

"Mm."

"Dada, wallahi mimi sijachomeka kitu chochote. Flashi ninayo, ya kaswida, nasikilizia kwenye redio nyumbani. Nimewaambia waje waichukue. Hawataki hata kuiona."

"Nitaangalia," Edna akasema, akapita. Hakuuliza ni nani aliyeanza kutaja flashi. Alikuwa amechoka, na jambo lile lilimgusa kichwani kidogo kisha likaondoka.

Ndani alimkuta Brayson. Huyu alikuwa shemeji yake Hironimus, ana kibanda cha kutengeneza simu Majengo, na kwa kuwa amewahi kufungua simu ikafungika tena, Meneja alimwita mtaalamu. Alikuwa ameifumua kompyuta ya kaunta mpaka utumbo wake umetapakaa mezani.

"Dada, hii bodi imeungua," Brayson akasema kwa upole wa daktari anayetoa habari za kifo. "Nimemshauri Meneja mnunue mpya zote. Mimi naweza kuwatafutia."

"Rudisha kila ulichotoa," Edna akamwambia, "halafu ondoka."

Kompyuta ilipowaka aliitazama ile taarifa ya Kiingereza iliyomtisha Meneja. Haikuwa na vitisho vyovyote. Ilisema kwamba kipengele fulani kinachohitajika hakikupatikana, ikataja jina la kipengele hicho, herufi na tarakimu zimekanyagana, na chini ikaweka kitufe cha kukubali. Hakuna mtu katika ofisi ile aliyekuwa ameisoma mpaka mwisho. Walibonyeza kukubali, ikarudi, wakabonyeza tena, wakaitisha maombi.

Mfumo wa namna ile si kitu kimoja. Ni vipande vingi vidogo vinavyoitana: kimoja kinamtafuta mkulima kwa jina, kingine kinaangalia ghala, kingine kinapanga maandishi ya kibali, kingine kinayapeleka kwenye printa. Kimoja kikikosekana, vilivyobaki vinasimama, kama jiko la mkaa lililoondolewa vyuma vya kati; jiko lipo, mkaa upo, na chai hunywi. Edna alikisimika upya kipande kilichotajwa. Kosa likarudi, sasa linataja kipande kingine. Akakisimika hicho nacho. Likataja cha tatu.

Hapo dharau ilimpungua kidogo, akaanza kufikiri. Virusi vya flashi za mitaani alivijua. Vinaficha mafaili, vinazaa njia za mkato, vinachafua kila vinapopita. Hapa hapakuchafuka kitu. Vitu vilikuwa vimetoweka tu, kimoja baada ya kingine. Na vipande hivi kompyuta ya kaunta haikai navyo, inaviazima tu kutoka kwenye seva. Msichana wa kaunta hata angechomeka flashi mia asingefika huko. Chumba cha seva kilikuwa na funguo mbili, moja ni yake Edna, na alikuwa nayo Tunduru.

Ya pili aliivaa Hironimus shingoni kwa utepe, juu ya tai.

Alifungua chumba, akasimama mlangoni. Sakafu ilikuwa imepigwa deki na kung'arishwa mpaka unajiona. Nyaya, alizokuwa amezipanga yeye mwenyewe kwa rangi, zilikuwa zimefungwa bunda moja kwa utepe mwekundu wa zawadi. Juu ya seva kilitandikwa kitambaa cha kufuma, kile cha sebuleni cha kuwekea redio, na juu ya kitambaa kulikuwa na chupa ya maua ya plastiki. Matundu ya kutolea joto yalikuwa yamezibwa na shada. Edna alijikuta anacheka peke yake kwa hasira.

Aliondoa shada, akaketi, akafungua folda za mfumo. Nusu haikuwepo. Vilivyobaki vilikuwa na majina mtu anayoweza kuyasoma kwa sauti: Mauzo, Ripoti, Ghala, Picha za Mgeni Rasmi. Kila kilichokuwa na jina la ovyo ovyo, herufi bila irabu, tarakimu katikati, kimekwenda. Akafungua pipa la taka la kompyuta. Nalo lilikuwa jeupe, limemwagwa kama jalala la nyumbani.

Kirusi hakijui kusoma majina. Aliyefanya haya alikuwa binadamu, tena mwenye bidii. Alikaa kwenye kiti hiki Jumamosi ile, akapitia moja moja, na kila asichokielewa akakiona ni uchafu. Mfumo wa ushirika wenye matawi matatu na maelfu ya wakulima, umepigwa fagio.

Alipotoka alikutana na Hironimus kwenye korido, amesimama mbele ya cheti chake kipya. Mgeni rasmi aliitunuku ofisi cheti cha usafi, na cheti kilikuwa kwenye fremu, kimetundikwa usawa wa macho ili mtu asikikose.

"Umekiona?" Hironimus akauliza. "Aliuliza maua yale nani kapanda. Nikamwambia mheshimiwa, ni mikono hii."

Maua aliyapanda mlinzi. Mlinzi alikuwa amesimama pale pale siku ile, ameshika jembe, anasikia. Meneja huyu hakuwahi kukutana na kitu kizuri asikidai, na alikuwa anaweza kukidai mbele ya mwenye nacho bila kupepesa jicho.

"Na mfumo vipi?" akauliza.

"Nautengeneza, Meneja."

"Kesho bodi inamalizana na yule binti. Uje useme neno la kitaalamu. Useme ni flashi."

Edna angeweza kumwambia pale pale. Ila alikumbuka mhasibu wa zamani, mtu aliyeandika ukweli kuhusu gari la ofisi, ambaye sasa yuko kituo kidogo huko Mbesa anagawa majembe. Hironimus angesema ni kirusi, na Brayson angeapa kwamba ni kirusi, na neno la mtaalamu lingeishia kwenye benchi pamoja na yule binti. Edna hakuwa na hamu ya kwenda kugawa majembe. Ila kilichomchemsha zaidi ni ile "useme". Kwamba mtu kama yule, asiyejua tofauti ya seva na jokofu, amwekee yeye maneno mdomoni.

Akampigia Emiliani.

"Kaka, ile kompyuta ya paka bado haijasafishwa?"

"Nilikwambia usiiguse, na mimi siigusi. Kuna nini?"

"Folda zote za mfumo zilizomo humo, zenye majina mabaya mabaya. Nizitumie. Zote, usichague."

"Za majina mabaya ndizo nyingi," Emiliani akasema kwa furaha. "Ngoja nimwamshe huyu."

Mtandao wa Tunduru ulivitoa vile vipande kwa kubembelezwa, na mpaka jua linazama bado vilikuwa vinadondoka. Asubuhi vyote vilikuwa vimefika. Edna akavirudisha kila kimoja mahali pake, akavitambulisha kwenye mfumo upya, akaenda kaunta kujaribu. Kosa likatokea mara ya mwisho, likataja kipande cha printa alichokuwa amekisahau. Akakirudisha. Printa ikakohoa, ikatoa kibali cha jaribio, jina la mkulima juu, mifuko yake chini, kila kitu sawa. Uvivu wa Tunduru ndio uliookoa Songea, na karipio la maandishi bado lilikuwa kwenye jalada la Emiliani. Edna alikikunja kibali, akakitia mfukoni, akaenda kwenye kikao bila kumwambia mtu.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mama Notburga, mkulima wa tumbaku na mahindi wa Namtumbo, mwanamke mkavu mwenye vidole vilivyokauka kwa majani ya tumbaku. Kikao alikiongoza kwa haraka, kwa sababu na yeye mahindi yake yalikuwa yanamngoja. Wajumbe walikaa kuzunguka meza, Hironimus upande wa kulia kwake, Brayson nyuma ya Hironimus kama mtaalamu mwalikwa. Mwanahawa alisimamishwa karibu na mlango.

"Mwanahawa binti Saidi," Mama Notburga akasoma. "Unadaiwa umeharibu mfumo kwa flashi yako. Una la kusema?"

"Mama, wallahi..."

"Wanaapa wote," Hironimus akaingilia. "Mwenyekiti, tusipoteze muda, tunaye hapa mtaalamu wetu. Edna, waambie."

Edna aliinuka. Alikuwa amepanga usiku kucha namna ya kumvika Meneja kilemba cha ukoka, na sasa alipomwona amejinyoosha kwenye kiti, tai imelala juu ya tumbo na ufunguo unaning'inia juu ya tai, hakuona hata haja ya kujitahidi sana.

"Mwenyekiti, shikamoo. Kabla ya mfumo, naomba niseme neno la pongezi. Nimefungua chumba cha seva jana. Tangu niajiriwe sijakiona kikiwa safi namna ile."

Hironimus akatabasamu.

"Tena si sakafu peke yake. Hata ndani ya seva kumesafishwa. Mafaili yamepunguzwa, pipa la taka limemwagwa. Ni kazi ya mtu mwenye subira sana." Akamgeukia yule binti wa mlangoni. "Nimeambiwa kazi hiyo aliifanya Mwanahawa. Kama ndivyo, bodi imfikirie."

Hakuwa ameambiwa na mtu. Mwanahawa alifungua mdomo, ila Hironimus alishawahi.

"Mwanahawa!" Alicheka kwa dharau mpaka Brayson naye ikambidi acheke. "Mwanahawa anajua nini? Hana hata ufunguo! Mwenyekiti, kazi ile niliifanya mimi. Jumamosi, mwenyewe, nimevua koti. Wenzangu walikuwa wanafyeka majani, mimi niko ndani ya mashine."

"Yote peke yako, Meneja?" Edna akauliza. "Na yale mafaili yenye majina yasiyosomeka?"

"Hayo hasa! Takataka tupu! Unakuta jina halina mbele wala nyuma, mara namba, mara herufi. Nilifuta moja baada ya jingine mpaka mgongo ukaniuma. Na pipa nikamwaga, lisibaki hata moja."

"Hakusaidiwa na mtu, Mwenyekiti," Edna akasema. "Tumpe haki yake."

"Mtu gani wa kunisaidia!" akasema Hironimus.

Edna akatoa kibali mfukoni, akakikunjua, akakiweka mbele ya Mama Notburga.

"Hiki kimetoka asubuhi hii. Mfumo unafanya kazi. Zile takataka ndizo zilizokuwa zinatengeneza vibali. Nimeziomba Tunduru, kwa sababu Tunduru hawakufanya usafi, nikazirudisha, basi. Flashi haikuwepo. Kirusi hakikuwepo."

Mama Notburga alikitazama kibali, kisha akamtazama Hironimus, kisha dirisha, ambako sauti za wakulima zilikuwa zinapanda. Brayson alianza kuvuta kiti chake nyuma, taratibu, mpaka kikawa si nyuma ya mtu yeyote.

"Meneja," akasema Mama Notburga. "Watu wangu wamelala ukutani."

Hironimus akashika ufunguo wa shingoni, akauachia. Alitafuta pa kushika na hakuona, na mtu wa namna ile akikosa pa kushika hukamata wa jirani.

"Mimi usafi nilifanya kwa nia njema," akasema. "Lakini flashi sikuitoa kichwani kwangu, Mwenyekiti. Mimi hata sijui virusi vinaingilia wapi. Ni huyu huyu Edna! Nilimpigia Tunduru, nikamweleza, akanijibu kwa mdomo wake: kuna mjinga kachomeka flashi, itakuwa huyo wa kaunta, mbaneni huyo huyo wa kaunta. Ndipo nikamwandikia huyu binti barua. Mtaalamu kasema! Abishe kama hakusema!"

Kwa mara ya kwanza tangu Edna amfahamu, Meneja alikuwa anasema kweli tupu, neno kwa neno, na hata ile "huyo huyo" hakuiacha.

Kikao kizima kikamgeukia. Edna alisikia ladha ya ule ugali wa Tunduru, na pilipili yake. Alitaka kusema kwamba alikuwa anakula, kwamba simu ilikuwa na kelele, kwamba ni msemo tu. Yote hayo yalipofika mdomoni aliyaona yalivyo, akayameza.

"Nilisema," akajibu.

Mama Notburga aliinuka. Aliuchukua ufunguo kwenye shingo ya Hironimus kwa mkono wake mwenyewe, utepe ukakwama kidogo kwenye sikio, akautia kwenye mkoba wake. Akamwambia Meneja akamngoje ofisini. Akamwambia Brayson aende. Barua ya Mwanahawa akaichana vipande viwili, akamwita kwa jina la ukoo wa mama yake, kama wanavyoitana watu wa nyumbani.

"Mwanangu, rudi kaunta. Nitatoka nikawaambie hao wa nje mimi mwenyewe, na mjomba wako nitaanza naye."

Haikuchukua muda kaunta ikajaa. Printa ililia bila kupumzika, mifuko ikaanza kutoka ghalani mabegani mwa watu, na waliokuwa wanatukana jana sasa walikuwa wanamwita Mwanahawa mama, dada, mpenzi, kila mmoja anataka awe wa kwanza. Mwanahawa aliwahudumia wote kwa sauti ile ile. Hakuwacheka wala hakuwanunia.

Edna alisimama pembeni ya kaunta, mahali anapopita kila asubuhi. Alikuwa anasubiri upenyo, na kila mkulima mmoja alipoondoka aliingia mwingine. Mwishowe aliinamia dirisha.

"Mwanahawa."

Mwanahawa aliendelea kuchapa.

"Mwanahawa, ile simu. Sikuwa na wewe kichwani. Nilisema tu."

Vidole vya Mwanahawa vilisimama. Alimtazama Edna, na macho yake hayakuwa na hasira, ila yalikuwa makavu.

"Dada Edna, mimi nilidhani hunijui. Tangu niajiriwe unapita hapa, nakupa shikamoo, hujaniitikia hata siku moja. Nikasema labda hanioni." Akavuta karatasi kutoka kwenye printa, akaigonga muhuri. "Kumbe ulikuwa unaniona. Ila ni kwa kunitaja kwenye makosa tu."

Edna alingoja kama kuna jingine. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya pama alikuwa ameshaingiza mkono dirishani na kitambulisho chake, na Mwanahawa akakipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba," akamwambia. "Mifuko mingapi?"